Mikono Mitupu ya Babu

Juzi nilikuwa nasugua sufuria kwa majivu na limau, nikasita mkono ukiwa bado ndani. Harufu ile ilikuwa imenirudisha kwetu, juu kule Marangu, kwenye kibaraza cha nyumba ya mwalimu, ambako kila Jumapili kabla ya kanisa baba yangu alisugua bizimu ya mkanda wake wa jeshi la majini. Dawa ya kung'arishia shaba ilikuwa imepotea madukani pamoja na sabuni na sukari, maana ni zile enzi za foleni, lakini Baba hakukubali uhaba umharibie bizimu. Alisugua kwa majivu na limau mpaka ukiitazama unaona pua yako.

Niwaambie mapema, msije mkanilaumu mbele ya safari: mimi namsifu baba yangu bila haya. Alikuwa afisa wa wanamaji, tena mwenye cheo, mtoto wa migombani ambaye kabla ya kujiunga hakuwahi kuona maji mengi kuliko ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji ya mlima mashambani mwetu. Alisomeshwa ng'ambo, akaongoza boti za doria, kisha akapewa kuwafundisha wanamaji vijana. Huko ndiko alikogundua kwamba anapenda chaki kuliko usukani. Muda wake jeshini ulipokwisha akaomba ualimu, na akaomba apangiwe nyumbani.

Kijijini walimwita Kapteni wa Migombani. Sakafu ya darasa aliiita sitaha, kama ya meli, nasi watoto wa mlimani, ambao wengi hatukuwa tumefika hata Himo, mji wa hapo chini tu, tukawa tunaonyana kwa uzito wote, "Usiteme mate sitahani." Lakini nyumbani ndiko alikowashangaza watu zaidi. Mama akienda sokoni, Baba alimbeba mdogo wetu mgongoni kwa kanga, akaifunga kwa fundo la baharia, akashuka naye barabarani na mkanda wake unaong'aa. Wanaume waliokuwa wakinywa mbege kilabuni walicheka hadi wakamwaga pombe. Baba aliwasalimia mmoja mmoja akaendelea na safari yake, na mtoto amelala fofofo.

Mahali pamoja tu palimshinda kuingia, napo ni kwa baba yake mzazi, yaani Babu.

Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani. Yeye hutunza wazazi, naye hurithi nyumba na kihamba, lile shamba la migomba na kahawa ambamo wazee wetu huzikwa. Baba alikuwa kitinda mimba. Alipokwenda jeshini Babu alinuna, ila alivumilia. Kisha Bibi akafariki wakati Baba yuko masomoni ng'ambo, na habari zilimfikia kaburi likiwa limeshaota majani. Hapo Babu akatoa neno lililozunguka mlima mzima: "Mtoto asiyemtupia mama yake udongo asikanyage kihamba changu." Na Bibi alikuwa amelala humo humo, kati ya mikahawa. Baba hakuwa na haja ya nyumba wala shamba. Alichotaka ni kusimama kaburini kwa mama yake.

Sasa, Mchaga akikosa ana dawa yake. Huchuma jani la sale, ule mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani, akalipiga fundo, akamkabidhi aliyemkosea. Ukilipokea umesamehe. Na kulikataa likiwa limeshawekwa mbele ya mikono yako mitupu ni kujitafutia laana. Babu aliijua desturi hiyo kuliko wote, kwa hiyo akahakikisha mikono yake haiwi mitupu hata siku moja.

Wenzangu, ilikuwa kazi. Baba alisimama mpakani na jani lake akisema, "Shikamoo, Baba." Marahaba Babu aliitoa, maana hiyo hanyimwi mtu, lakini aliielekeza kwenye migomba. Mkono mmoja ulikuwa na mkungu wa ndizi, wa pili panga. Siku nyingine alikumbatia mzigo wa majani ya ng'ombe hadi kidevuni. Tukikutana naye akitoka kanisani, fimbo huku, kofia huku, kitabu cha nyimbo amekibana kwapani. Mimi niliona ni mchezo nikawa nacheka, mpaka siku nilipomtazama Baba usoni wakati analirudisha jani mfukoni. Sikucheka tena.

Kaka yake, Baba Mkubwa wetu, ndiye aliyetega mtego. Alikuwa anambatiza mtoto wake, na Babu asingekosa karamu ya mjukuu. Akamwambia Baba, "Wewe ndiye mdogo wetu, wewe utawanawisha wazee. Mzee hawezi kunawa ameshika fimbo."

Siku ya karamu ua mzima wa Baba Mkubwa ulinukia mtori wa ndizi na nyama ya mbuzi. Wazee waliketi kwenye mabenchi, Baba akawapitia na birika na beseni, taulo begani, ncha ya jani la sale ikichungulia kutoka mfuko wa shati. Kila mtu aliiona. Mazungumzo yakakatika, benchi hili, kisha lile. Alipofika kwa Babu, mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, halafu akaegemeza fimbo yake ukutani na kunyoosha mikono. Naikumbuka mikono ile. Ilikuwa imekauka, na utomvu wa migomba ulikuwa umeweka weusi kwenye mistari ya viganja.

Baba akammiminia maji, taratibu, mbele na nyuma ya viganja. Akampa taulo, akangoja ajifute, akaichukua. Kisha akasogea kwa mzee aliyefuata.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba Mkubwa alisonya, na jikoni shangazi mmoja akasema eti bahari imemmaliza Kapteni. Mama aliendelea kupakua chakula huku machozi yanamtoka. Wakati wa kurudi nilimuuliza Baba kwa hasira kwa nini hakulitoa lile jani, na mikono ilikuwa mitupu pale mbele yake.

"Manka, yule ni baba yangu," akasema. "Alikuwa amekuja kunawa."

Kwangu lilikuwa jibu la mtu mwoga. Nikatangulia mbele peke yangu hadi nyumbani.

Kesho yake alasiri, tukiwa kibarazani tunachambua maharage, Babu akatokea njiani. Hakuwahi kufika kwetu. Nikamtazama kama kawaida nijue leo kabeba nini. Hakuwa na mkungu wala panga, wala hata fimbo, na bila fimbo alitembea kwa shida, akishikashika ua wa masale. Alifika mbele ya Baba, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

Baba alipiga magoti vumbini na suruali yake ya pasi, akalitoa jani. Babu akaligeuzageuza.

"Fundo gani hili?"

"La baharini, Baba."

"Hulegea?"

"Lenyewe halilegei. Ila ukitaka kulifungua, halikusumbui."

Babu akalitazama tena. "Haya," akasema. "Nyanyuka twende kwa mama yako."

Tulikwenda sote. Kati ya mikahawa Babu aliinama, akachota udongo, akauweka kiganjani mwa Baba, na Baba akamtupia mama yake. Nilimwona afisa wa wanamaji analia kwa sauti mbele ya watoto wake, wala hakujificha.

Nimezeeka ndipo nikaelewa. Pale karamuni, kitu alichokitamani miaka yote kilikuwa mbele yake, kinachuruzika maji, naye akakiacha, kwa sababu asingekipata bila kumwaibisha mzee mbele ya wazee wenzake. Babu alilijua hilo tangu maji yalipogusa viganja vyake. Mimi, msomi wa darasa la tano, ndiye niliyechelewa.

Bizimu ninayo mimi, na bado naisugua kwa majivu na limau ingawa siku hizi dawa zimejaa madukani. Wajukuu wakiiona huniuliza baba yangu alikuwa nani. Nawaambia alikuwa afisa wa wanamaji, kisha akawa mwalimu. Halafu nawaketisha, nikawasimulia siku aliyomnawisha baba yake mikono, akampa taulo.