Baba alitoka Riruta akisema anaenda kazi. Bado namngoja, na imebidi nijifunze kuomba upya

Wakuu, sasa.

Nimekuwa nikisoma za watu humu kwa miaka bila kuandika hata laini moja. Leo naweka yangu. Nitaiandika vile ilikuwa, hata pale inaponiaibisha, kwa sababu hakuna mtu hapa ananijua na sina wa kumfurahisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane. Tunaishi Riruta, si mbali na Dagoretti Corner, kwa boma ambayo babu yetu alituachia. Niko na Mama. Ndugu yangu mdogo, Karanja, ako na familia yake Rongai. Mimi sijaolewa, kwa hivyo Baba alipoanza kusahau, wa kumuangalia tulikuwa mimi na Mama.

Baba alikuwa karani mjini zaidi ya miaka thelathini. Ofisi ni moja tu tangu kijana hadi kustaafu. Na alikuwa mtu wa kanisa kabisa, wale wa kuimba bass hadi benchi unasikia ikitetemeka.

Kila Jumatano wenzake wakienda kula, yeye alikuwa anaenda lunch hour fellowship, zile ibada za watu wa ofisi, saa saba hadi saa nane. Tukiwa watoto tulijua Jumatano Baba atarudi na njaa na atakuwa na furaha.

Ugonjwa ulianza polepole. Funguo kwanza. Kisha njia ya kwenda kanisani. Kisha jina la Karanja. Daktari akatuambia ni dementia na haitarudi nyuma.

Kitu moja tu haikumtoka. Kazi.

Kila asubuhi anavaa tai, anasimama kwa gate. "Nifungulieni, nimechelewa."

Mama alikuwa na mbinu yake. Anamshika mkono, anamwita kwa jina langu, anamwambia, "Baba Wanjiru, leo ni sikukuu. Kuja tunywe chai." Anatulia. Mimi sikuwa na hiyo roho.

Sasa ile siku. Ilikuwa Jumatano. Mama alikuwa ameenda clinic ya pressure. Mimi nafanya kazi nikiwa nyumbani, na nilikuwa na meeting kwa laptop na wakubwa wangu. Baba alikuja kwa mlango mara ya kwanza, nikamwambia ni sikukuu. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mara ya tano nilizima microphone nikageuka nikamwambia:

"Baba, hauna kazi! Ulistaafu! Hiyo ofisi yenyewe haiko!"

Aliniangalia. Akasema, "Pole. Sikujua." Akaenda akakaa nje kwa benchi.

Wakuu, hayo ndiyo maneno ya mwisho mimi na baba yangu tuliambiana.

Mwenye kuleta gas akakuja, nikamfungulia, nikakimbia kurudi kwa meeting. Sikuangalia kama gate ilifungwa. Nilipotoka, benchi haikuwa na mtu na gate ilikuwa wazi.

Kutafuta mtu Nairobi ni kitu sitaki hata adui yangu afanye.

Tulipiga ripoti polisi. Tulizunguka hospitali. Mochari Karanja aliingia peke yake, mara tatu, akanikataza nisishuke kwa gari. Kila mara anatoka akitingisha kichwa, na kila mara nilishukuru Mungu, kisha nikaona aibu kwa kushukuru, maana kule ndani kulikuwa na baba ya mtu.

Tulibandika picha yake kutoka Dagoretti Corner hadi Adams Arcade. Simu zikaja. Ameonekana Kikuyu. Ameonekana Ngong. Tunaenda, tunapata mzee mwingine.

Hii sijawahi kuambia mtu. Mwezi wa pili wa kutafuta nilikuwa Adams Arcade nikibandika karatasi mpya kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu zile za kwanza. Nikaona mgongo. Ile koti, ule mwendo wa mikono nyuma. Nikakimbia nikiita, "Baba! Baba!" Watu wote wakageuka. Na yeye akageuka. Hakuwa yeye.

Yule mzee aliangalia karatasi mkononi mwangu, akaangalia uso wangu. Akasema, "Pole, mwanangu. Ningekuwa yeye, ningeitika." Akasimama na mimi pale hadi nikamaliza kulia. Sijui jina lake hadi leo.

Sasa mambo ya maombi.

Watu wa kanisa letu walikuja nyumbani wakati wa kwanza, na sitawasahau. Walipika, waliimba, walikaa na Mama. Lakini kulikuwa na mtumishi wa Mungu mmoja, mgeni, aliyesimama katikati ya sitting room akatangaza Baba atakuwa mezani kwetu Jumapili. Mama aliitikia amina. Jumapili Mama akapika kuku.

Hakuna mtu alikula hiyo kuku.

Kutoka hapo niliacha kuenda kanisa. Si eti nilikataa kuwa kuna Mungu. Nilikuwa tu sijui nimwambie nini. Ukifiwa unajua la kuomba, unaomba faraja. Ukiwa na mgonjwa unaomba uponyaji. Mimi nilikuwa naomba nini? Nikiomba arudi, naona kuku. Nikiomba apumzike kwa amani, naona nimemuua.

Na chini ya hayo yote kulikuwa na ile sentensi yangu. Hauna kazi. Nani atapeleka hiyo mbele ya Mungu?

Mama hakuwahi kunilaumu hata siku moja, na hiyo iliniumiza zaidi. Jumapili moja alikuwa anafunga kitambaa aende kanisani, akaniuliza, "Shiru," ndiyo Wanjiru kwa kifupi, "na leo haukuji?"

Nikamwambia, "Mama, mimi sina maneno."

Akasema, "Mimi pia sina. Mimi huenda tu kukaa na wenye wako nayo."

Akaenda. Mimi nikabaki.

Ilipita miezi mitano hivi. Karanja alikuwa amebandika picha kadhaa katikati ya jiji, ingawa tulikuwa tumeshajiambia Baba hangeweza kufika huko peke yake. Asubuhi moja nikapigiwa simu na sauti ya mzee, Kiswahili kile cha Pwani, taratibu.

"Assalam... samahani, habari za asubuhi, mwanangu. Mimi naitwa Mzee Athmani. Nauza vitambaa hapa mjini. Nimeona picha ya mzee hapa kwenye ngazi yetu. Huyu alikuja dukani kwangu."

Nikaketi chini. Nilikuwa jikoni, nikaketi tu kwa sakafu.

Nikamuuliza, "Lini, Mzee?"

"Ile siku mliyoandika hapa. Nilisafiri siku ya pili yake kwenda Mombasa kumuuguza mama yangu, Mungu amrehemu. Nimerudi juzi. Nisamehe, mwanangu. Lau ningaliiona mapema."

Nilikuwa kwa duka yake kabla ya saa saba. Ni duka ndogo, vitambaa hadi kwa dari. Alinipa kiti na maji kabla ya kusema chochote. Kisha akanieleza.

Baba aliingia karibu saa saba mchana, amevaa tai, anatoka jasho. Akasema amechelewa ibada na ngazi haioni. Mzee Athmani alikumbuka kwamba zamani jengo lao lilikuwa na chumba cha maombi ya Wakristo juu, lakini wale watu walihamia ng'ambo ya barabara miaka mingi iliyopita.

"Nikaona huyu amechoka, na gari hapa hazina huruma," akaniambia. "Nikamwachia jirani duka, nikamshika mkono, nikamvusha hadi kule juu. Njiani akawa ananiimbia. Nikamwambia, mzee una sauti. Akacheka."

"Alicheka?"

"Alicheka sana."

Wakuu, kwa miezi mitano, kwa kichwa yangu, Baba alikuwa ametembea akiwa na huzuni niliyompa mimi. Sijawahi kufikiria kwamba alicheka.

Mzee Athmani akanivusha barabara vile alivyomvusha. Ilikuwa Jumatano pia, sikuwa nimepanga. Ghorofa ya pili, ukumbi wa viti vya plastiki, watu na nguo za ofisi, wengine na beji bado shingoni. Wanaimba. Mzee Athmani aliniacha mlangoni akasema, "Mimi nitakuombea kwa njia yetu," akashuka.

Anayeongoza ni mama mmoja, wacha nimuite Sister Lydia. Ibada ilipoisha nilimwonyesha picha. Akaweka mkono mdomoni.

Alimkumbuka. Baba alikaa mstari wa pili, karibu na dirisha. Wao walikuwa wanaimba kwa Kiswahili, yeye anaimba kwa Kikuyu, na bass ikajaza ukumbi wote. Walifikiri ni baba ya mmoja wao. Wakati wa mahitaji ya maombi ulipofika, akasimama.

"Alisema nini?" nikauliza.

Sister Lydia akafikiria. Hakutaka kunidanganya, niliona. "Alisema tuombee msichana wake. Akasema amechoka sana na hana mtu wa kumpumzisha. Hakutaja jina. Tukaomba."

Sijui kama nilikuwa mimi. Baba ana dada watatu na alilea wapwa. Kwa ule ugonjwa huenda alikuwa anamaanisha mtu wa miaka ya zamani. Nimejiuliza mara mia. Lakini nilikaa kwa ile kiti ya mstari wa pili nikalia hadi watu wa ofisi waliokuwa wanakimbilia kazi wakarudi, wakanizunguka.

Saa nane Baba alishuka na wengine. Kila mtu akaenda njia yake. Sister Lydia akafikiri ako na mtu wake. Akaniambia, "Kama ningeuliza swali moja tu." Nikamwambia, "Kama mimi ningefunga gate." Tukashikana hivyo hivyo, wanawake wawili hatujuani.

Tulianza kutafuta upya mjini. Kamera za majengo zilikuwa zimeshafutika. Tuliuliza walinzi, wachuuzi, watu wa stage. Alifikaje mjini, na alienda wapi baada ya saa nane ya ile siku, hakuna mtu anajua. Hadi ninapoandika hapa, Baba hajapatikana.

Lakini nilirudi Jumatano iliyofuata. Kwanza nilijidanganya naenda kama mpelelezi, labda atarudi huko. Nikakaa nyuma, nikiangalia mlango. Jumatano ya tatu waliimba wimbo mmoja wa zamani ambao Baba alikuwa akiimba akipiga viatu rangi, na nikasikia mtu karibu yangu anaimba na sauti imepasuka. Nilikuwa mimi.

Siwezi kuwaelezea vizuri. Hakuna kitu ilibadilika. Nikishuka ngazi bado sina Baba. Lakini kwa ile saa moja sikuwa nabeba peke yangu. Nilielewa Mama alimaanisha nini. Kuna siku una maneno, kuna siku unakaa tu karibu na wenye wako nayo.

Ile sentensi yangu nimeipeleka mbele ya Mungu. Nilichukua karibu mwaka mzima kuisema kwa sauti, na Sister Lydia akiwa amenishika bega. Hakuna radi ilipiga. Nililala vizuri, ni hayo tu.

Mama sasa huja na mimi Jumatano za mwisho wa mwezi. Kabla ya kupanda ngazi hupitia kwa Mzee Athmani, wanasalimiana, wanaulizana za wagonjwa. Mara ya kwanza alimshika yule mzee mkono wa kulia na mikono yake miwili, akamwambia, "Asante kwa kumfikisha." Mzee Athmani akageuka akajifanya anapanga vitambaa.

Kumkosa hakujapungua. Watu huniuliza lini nitakubali, lini tutafanya ibada ya mwisho. Sijui. Nimeacha kumwambia Mungu afanye nini. Ninamtaja tu Baba kwa jina, Ndung'u, kisha nanyamaza. Nimegundua hiyo pia ni maombi kamili.

Nilichojifunza, kama unaweza kuita hivyo: usingoje uwe na imani kubwa ndio uende mahali watu wanaomba. Enda na hiyo ndogo, enda hata na hasira. Na ukiona mzee amesimama barabarani na tai, haelewi ako wapi, muulize swali moja. Moja tu.

Sitaki like wala pole nyingi. Najua humu kuna mtu ambaye mama yake alienda ng'ambo akanyamaza, mwingine ndugu yake alitoka akakosa kurudi, mwingine anangoja mtoto. Kama wewe ni mmoja, andika hapa chini jina la mtu wako. La kwanza linatosha, bila hadithi. Jumatano saa saba nitasimama pale ukumbini wakati wa mahitaji ya maombi na nitayasoma yote.