Fundi Aliyesamehewa

Wanaume wa mji wetu wa Petraversa watakutajia madereva wote wakubwa wa zamani, Wafaransa kwa Waitalia, nani alivunjika taya kwenye kona ipi na nani alikunywa mvinyo kabla ya kuwasha injini. Wakikaa kwa kinyozi hawamalizi. Waulize jina la fundi aliyeketi kando ya dereva, watakukodolea macho. Jina moja tu la fundi walilijua, la ami yangu Gandolfo Schimmenti, na hilo walilijua ili walitemee mate.

Siku zile gari la mashindano lilibeba watu wawili. Dereva alishika usukani, na shada la maua lilikuwa lake. Fundi alisukuma petroli kwa pampu ya mkono, akatazama nyuma, akachunga magurudumu. Injini zilinguruma hata masikio yakaziba, kwa hiyo fundi alisema kwa ngumi. Ngumi moja begani mwa dereva: kuna gari nyuma, mpishe. Ngumi mbili: mpira unachanika, simama.

Ami alikuwa fundi wa Corrado Mandravecchia, kijana wa jumba la juu la wenye mashamba, mzuri wa sura na mkaidi kama nyumbu. Mwaka ule, kabla ya vita vikuu vya kwanza, mpira wa nyuma ulianza kuchanika wakiteremka mlimani. Ami akampiga ngumi mbili. Corrado akatikisa bega kama anayefukuza nzi. Ami akampiga tena na tena, mpaka yule akamgeukia na kumtukana mama yake. Kwenye kona ya chini mpira ukapasuka. Corrado alifia pale pale. Ami aliokotwa kwenye miiba, mguu umevunjika.

Kabla hajaweza hata kukaa kitandani, mama yake Corrado, Bibi Mkubwa Costanza, alikwenda kumwona hospitali. Ami alimweleza ukweli wote. Yule mama alilia, kisha akafuta macho akamwomba jambo moja: aseme hakupiga ngumi. Aseme alisinzia, alisahau, lolote lile, mradi mwanawe asiitwe mpumbavu aliyejiua kwa kiburi. Babu yangu alilima shamba la jumba lile, na nyumba aliyolala ilikuwa yao. Bibi Mkubwa hakulitaja shamba. Hakuwa na haja.

"Nikikaribia kufa nitawaambia watu," alimwahidi. "Mbele ya padri. Naapa kwa mwanangu."

Ami akakubali. Alikuwa kijana, akadhani mtu huweza kuazima aibu halafu akairudisha.

Toka hapo hakuna aliyemwachia gari. Aliishia kutengeneza mashine za kukamua zeituni, na hata huko wenye mashine walimsimamia wakimtazama mikono. Msichana aliyemposa alirudisha pete. Na kila mwaka, siku ya kumbukumbu, mji ulipanda mpaka kwenye jiwe la Corrado pale konani, na ami alitakiwa kusimama kando ya jiwe, kichwa wazi, watu wapite wamwone. Hiyo ikawa desturi. Wenye watoto waliwanyanyua ili waone vizuri. Mimi nilimpikia na kumfulia, na kila mwaka nilimwambia asiende. Alinijibu, "Bibi Mkubwa ameapa, mwanangu. Subira."

Subira yavuta heri, husema walioshiba.

Basi yule mama akazeeka, akaugua, akatuma mtu kumwita. Ami alivaa suti yake ya pekee. Aliniambia twende wote, anataka mtu wa kwao asikie. Njia nzima alikuwa akitabasamu, na mimi sikuwahi kuyaona meno yake.

Chumbani walikuwako padri, meya, kinyozi na jamaa wa jumba. Bibi Mkubwa aliomba ainuliwe kwenye mito. Akamwita ami karibu, akamshika mkono.

"Gandolfo," alisema, "uliniulia mwanangu kwa uzembe. Miaka yote nimekubeba moyoni. Leo nakusamehe."

Nilimtazama macho. Nilitafuta ujanja, sikuuona. Yule mama alikuwa ameusema uongo wake mpaka akauamini, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Meya alijipangusa pua. Padri alisema huo ndio Ukristo.

Ami aliinama. Akaubusu ule mkono. "Mungu akupumzishe, Bibi Mkubwa."

Njiani nilimfokea. Nilimuuliza kwa nini hakusema, na watu wote walikuwa pale.

"Ningesema, nani angenishuhudia?" alinijibu. "Aliyejua alikuwa yeye. Sasa hajui tena."

Habari ilitutangulia mjini. Watu waliokuwa wakivuka barabara wasikutane naye walimpa mkono. Kinyozi, aliyerudi kwa gari la meya, alikuwa mlangoni pa duka lake akitungoja. Ndani walikuwa katikati ya hadithi zao za madereva wakubwa, na walisogea wakampa ami kiti.

"Kaa, Gandolfo," kinyozi alimwambia. "Umeshasamehewa, wewe sasa ni mwenzetu."

Nilimvuta mkono twende nyumbani. Hakuja. Alikaa, akawashukuru.