Forosadi za Nyuma ya Kanisa

Akina mama, mmeniomba nishuhudie, na nitashuhudia, lakini msitarajie sauti ya upole. Nikiukumbuka ugonjwa ule hasira inanipanda hata leo.

Mimi ni Roda, mke wa Wafula. Tulitoka Bungoma tukaja kuchuma chai hapa Kericho miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa na nguvu. Kikapu changu kilijaa kabla ya vikapu vya wanaume wengi, na kila Jumamosi mimi ndiye niliyetengeneza kinywaji cha meza ya Bwana. Zabibu hatukuwa nazo. Tulikuwa na mti wa forosadi nyuma ya kanisa, ule wa matunda madogo ya zambarau yanayokaribia weusi. Niliyakamua, nikachemsha maji yake na sukari mpaka yakawa mazito, ikawa ndiyo divai yetu.

Mzee Jotham, mzee wetu wa kanisa, aliuzungushia mti huo seng'enge. Tunda lake halikuliwa na mtu, eti ni la Bwana. Yaliyozidi yalianguka yakaoza, nami niliyafagia.

Ndipo wenye shamba wakaamua kupanda chai mpaka milangoni petu. Bustani zetu za sukuma na kunde ziling'olewa zote. Ikawa ugali na maharagwe, ugali na chai ya rangi. Fikirieni wenyewe: kijani kila upande mpaka macho yanachoka, na hakuna jani hata moja la kutia chunguni!

Nilianza kwa kuchoka. Nyapara akasema, "Roda, siku hizi wewe ni mvivu kabisa." Kisha fizi zikavimba, zikawa laini, zikatoa damu nikitafuna. Mdomo ulinuka mpaka nikaona haya kusalimia watu. Miguu ilipata madoa ya damu chini ya ngozi, na mkwaruzo mdogo wa mti wa chai ukakataa kupona. Siku moja jino lilibaki kwenye tonge la ugali. Majirani walipoona madoa walimkazia macho Wafula, wakidhani ananipiga. Maskini, hajawahi kuniinulia mkono.

Jumapili ya meza ya Bwana, kikombe kilipofika kwangu, Mzee Jotham alikiondoa.

"Dada Roda, wewe ngoja kwanza. Unatoa damu. Utachafua kikombe."

Mbele ya watu wote! Mimi niliyekamua kilichokuwa ndani yake! Nilirudi kwenye benchi nikilia, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira.

Baadaye nilianguka katikati ya chai. Wafula alinipakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka hospitali ya misheni. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye haraka, alinitazama mdomo, akaniangalia miguu, akauliza, "Unakula nini?"

Nikamwambia.

"Na matunda?"

"Hakuna."

Wafula akashindwa kunyamaza. "Daktari, huko kanisani iko mti imejaa matunda mpaka inaanguka. Lakini hiyo ni ya Mungu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Yaani huyu anakufa kwa kukosa matunda, na ninyi mnayafagia?"

Alitueleza kwamba ndani ya matunda na mboga kuna kitu kinachoshikilia fizi na ngozi, na mwili ukikikosa unaanza kufumuka. Alinipa vidonge, kisha akanionya, "Hayo matunda ule mabichi. Ukiyachemsha sana unaua kile unachokitafuta."

Fizi ndizo zilizopona kwanza. Madoa yakageuka manjano, yakafifia, na kidonda kikafunga. Jino halikurudi.

Nilipoweza kutembea vizuri nilikwenda nyuma ya kanisa, nikainua seng'enge, nikapita. Nilikula mpaka kidevu na vidole vikawa zambarau. Mzee Jotham akanikuta.

"Mama! Hayo ni ya Bwana!"

"Na mimi ni wa nani, mzee?"

Alisimama pale na kofia yake mkononi. Hakuniomba msamaha mpaka anaingia kaburini. Lakini seng'enge iliondolewa.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, namshukuru Wafula na baiskeli yake. Sisemi forosadi ni dawa ya kila kitu. Ukiumwa nenda hospitali, na wale wanaouza maji ya rangi kwenye chupa pale sokoni Kedowa, wakisema yanaongeza damu, wapiteni tu. Pandeni matunda karibu na jikoni, watoto wachume wenyewe. Na mkimwona mtu anazungushia chakula seng'enge kwa jina la Mungu, mleteni kwangu. Nitafungua mdomo, aone pengo.