Merepeka Hakuja Msibani

Watu wa Opotiki, mji wetu mdogo, wakimtaja Merepeka siku hizi husema, "Yule aliyeshindwa kuja kumzika mama yake." Hulisema hilo huku wanatafuna, na mimi huwa nanyamaza. Leo sinyamazi. Merepeka ni binamu yangu, tumelelewa nyumba moja na mama yake, shangazi Tiahuia, na ninajua ni nani aliyemzuia.

Alikuwa msichana wa kucheka hovyo, hata kanisani. Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda kusomea uuguzi kwa mkopo wa serikali. Mwaka mmoja na nusu baadaye shangazi akavunjika nyonga, Merepeka akarudi kumwogesha na kumlisha, na masomo yakaishia hapo. Mkopo haukuishia hapo. Akaajiriwa kwenye banda la kufungasha matunda ya kiwi, na kila mshahara kodi ilikatwa, mkopo ukakatwa, kabla hajaziona hela zenyewe. Ndivyo tulivyo sisi. Tunajua kukatwa, kwenda kulipa kwa mikono yetu hatujui.

Mwaka 2011 akavuka bahari kwenda Brisbane, Australia, walikokwenda nusu ya darasa letu, kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akakatwa kodi ya huko, akaiona kwenye karatasi ya mshahara, akaridhika kwamba mambo yote yako sawa. Watu wa kodi wa nyumbani, ambao kwetu ndio hudai na mikopo ya chuo, hakuwaambia kwamba ameondoka. Nani humuaga mtu wa kodi? Mkopo ambao ukiwa nchini hauna riba, ukihamia ng'ambo unaanza kuzaa, lakini hilo yeye hakulijua, wala mimi sikulijua. Alichojua ni kutuma hela kwa mama yake. Paa la nyumba ya shangazi ni jasho la Merepeka, kila bati.

Barua zikaanza kuja, zile bahasha zenye kidirisha. Nilizipokea mimi. Kwetu mtu wa serikali akimuulizia ndugu yako, humjui. Ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto, na tunaona fahari. Juu ya kila bahasha nikaandika "Hajulikani hapa", nikairudisha posta. Siku moja mwanamume akapiga simu.

"Namtafuta Merepeka Tawhara."

"Mere nani?"

"Tawhara. Anwani aliyoacha ni hiyo ya kwenu."

"Baba, hapa tunaishi mimi, mama mzee na kuku. Labda nikuitie jogoo umuulize."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Kisa hicho nilikisimulia kila penye watu, na kila mara nilipigiwa makofi. Mjinga mimi.

Mwaka wake wa saba huko, Merepeka akasikia kazini habari za mtu wa kwetu aliyekamatwa uwanja wa ndege kwa sababu ya mkopo wa chuo. Akanipigia.

"Da Huia, kuna barua zangu zozote zimekuja huko?"

"Zilikuja. Nimezirudisha."

"Zote?"

"Zote. Nani mwingine angekulinda hivyo?"

Deni lilikuwa limeshakua mara mbili na zaidi. Alitaka kuwapigia awaombe wampangie namna ya kulipa. Nikamkatalia. "Ukiwapigia umewaonyesha ulipo. Kaa kimya, watachoka." Mimi ni mkubwa wake, akanisikiliza.

Shangazi akafariki siku ya Alhamisi, mwezi wa tisa. Kwetu maiti hulazwa kwenye nyumba ya ukoo siku tatu, haachwi peke yake hata dakika moja, na watoto wake hukaa chini ubavuni pake mpaka kifuniko cha jeneza kifungwe. Tukatandika godoro la Merepeka upande wa kuume. Shangazi hakuwa na mtoto mwingine. Nilikuwa jikoni namenya viazi vitamu simu ilipolia.

"Da Huia, tiketi ninayo. Nije?"

Mjomba Hohepa, mwenye msiba, alikuwa mlangoni. "Mwambie aje. Hayo mengine tutayajua mbele."

Nikampa mgongo mjomba. "Usije, Mere. Watakukamata pale pale unaposhuka, mama yako azikwe wewe uko mahabusu. Unataka kututia aibu hiyo mbele za wageni?"

"Ni mama, Da Huia."

"Najua ni mama. Usije."

Jumamosi nzima wageni waliingia, wakaliona godoro tupu, wakatazamana. Bibi mmoja hakujizuia: "Mtoto gani huyu? Pesa za Australia zimemlevya?" Mjomba akanitazama. Mimi nikainama, nikashughulika na vikombe.

Jumapili nilishika simu juu ya jeneza ili Merepeka aone. "Sogeza kidogo," alikuwa akisema, "uso siuoni, sogeza." Mjomba hakuweza kusubiri zaidi. Kifuniko kikafungwa.

Jumatatu niliwapigia watu wa kodi. Nilikuwa nimewaandalia matusi, na nikayatoa yote. Binti aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba jina na tarehe ya kuzaliwa ya Merepeka, akatazama.

"Pole sana, mama," akasema. "Hakuna hati ya kumkamata. Na hao wachache wanaokamatwa, ni wakati wanaondoka tena nchini, siyo wanapoingia. Angetupigia tu tungepanga naye, akalipa kidogo kidogo. Barua zote zilikuwa zinamwambia hivyo."

Nilikaa kitandani kwa shangazi nikiwa nimeshika simu. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini nilikuwa nimeshamfichia ya kutosha. Nikampigia.

"Mere, nimeongea nao. Wanasema ungeweza kuja."

"Unasemaje?"

"Hukuwa unatafutwa kukamatwa. Hata kidogo."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nilikuwa mlangoni, Huia. Nimevaa koti, begi mkononi, teksi iko nje."

"Nisamehe."

"Ulivyoniambia nisije, nikavua koti nikaenda kazini. Nikamwogesha mama wa mtu."

Akakata simu. Huu ni mwaka wa tano, hajapokea simu yangu.