Macho Mawili kwenye Skrini

Chumba cha kompyuta cha chuo chetu pale Thika tulikuwa tunakiingia bila viatu, tusilete vumbi. Nilikuwa mgeni kwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na kila programu niliyojaribu kuweka ilidai nyingine kwanza. CD yenye hizo zote ilikuwa kwa rafiki yangu mjini Ruiru, basi naenda na disketi kunakili, narudi, mashine inaniambia bado kuna nyingine. Siku moja niliitukana ile mashine kwa Kikuyu.

Safari ya nne, programu moja ikakubali. Macho mawili makubwa yakafunguka kwenye skrini, yakawa yanafuata mshale wa kipanya polepole kila nilikoupeleka. Kazi ya programu yenyewe ilikuwa hiyo tu. Niliyatazama kama mtu anayeota. Nilipozinduka nilikuwa nje getini, miguu mitupu, nikitafuta mtu wa kumwambia.