Buli la Bi Nermin: Riyadh hadi Jeddah na Kurudi

Nilikwenda Jeddah kutafuta buli. Wasomaji wa nyumbani wanaodhani mtu huenda kule kwa ibada au kazi tu wanisamehe. Mimi ni mtoto wa wachuma chai wa Lushoto, na kila ninapofika mahali huanza kwa kuuliza wenyeji wanakunywa nini.

Malaz, mtaa wa Riyadh ninakoishi tangu nipate mkataba wa uuguzi, jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa Mturuki, Bi Nermin. Kwa miaka mitatu alinigongea kila Ijumaa baada ya Alasiri. Chai yao hupikwa kwa vyombo viwili vilivyopandana: chini birika la maji yanayochemka, juu buli dogo lenye majani, yanayoiva kwa mvuke. Hunywewa bila maziwa, katika vibilauri vyembamba vyenye kiuno, ili mtu aione rangi yake. Mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa nalia kila nikitoka zamu, chai ile ndiyo iliyonizuia nisifunge virago.

Mkataba wa mumewe ulikuwa umekwisha, na Jumapili wangeondoka moja kwa moja kurudi kwao. Wiki tatu kabla, yeye akipanga mizigo, nilishika jiko lake nimfurahishe. Nikafanya kama tufanyavyo kwetu: maji, maziwa, tangawizi na majani, vyote ndani ya buli, na buli juu ya moto. Lilikuwa la kaure, tena la marehemu mama yake. Likapasuka vipande viwili, maziwa yakazima jiko.

"Mafi mushkila," akasema, yaani hakuna shida. Akaviokota vipande polepole mno. Tangu siku hiyo sikukanyaga kwake. Ijumaa mbili zilizofuata, alipogonga, nilinyamaza kimya nyuma ya mlango wangu, mtu mzima na akili zangu. Nilijiambia nitarudi siku nitakapokuwa na buli mkononi. Riyadh nililikosa. Muuza vyombo mmoja akanielekeza Jeddah.

Alhamisi ya wiki ya tatu, alfajiri, nilipanda basi. Mwaka niliofika, safari kama ile, mwanamke peke yangu, ingenikosesha usingizi. Sasa dereva alitazama ikama yangu, yaani kibali cha ukaazi, akanirudishia, ikawa basi. Saa nne tulisimama kwenye mgahawa wa njiani. Pazia la kutenga wanawake na familia mbali na wanaume wengine lilikuwa limeondolewa, zimebaki ndoano zake ukutani. Nilikunywa chai ya mnanaa, tamu hadi meno yakaomba radhi, nikatazama jangwa likipita mpaka jioni.

Jeddah ilinipokea kwa joto la unyevunyevu, na Wanjiru akanipokea kwa kicheko. Ni Mkenya, mhasibu, tulifahamiana alipokuwa Riyadh. Chumba chake kiko Kandara, mtaa wa hapo hapo Jeddah, na gari anaendesha mwenyewe siku hizi, kwa fujo kidogo.

"Yaani umekalia basi siku mzima juu ya buli?" akaniuliza. "Si ungeoda tu kwa simu?"

"Nataka nilishike kwanza."

"Haya basi. Kesho maduka yakifunguliwa, yalla, twende."

Ijumaa baada ya Alasiri tulizunguka mtaa wa Al-Baghdadiyah. Maduka matano yalikuwa na mabuli ya chuma tu, yanayong'aa. La sita lilikuwa la mzee wa Kituruki mwenye masharubu meupe, aliyekuwa akinywa chai nyuma ya meza. Alitusikiliza, akatushushia buli jeupe la kaure kutoka rafu ya juu kabisa. Birika lake la chini lilikwisha kuharibika, buli likabaki pweke. Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Kinywa cha birika lenu kina upana gani?" akauliza. "Lisipokaa sawasawa, mvuke utatoroka na chai haitaiva."

Sikujua. Nilikuwa nimesafiri siku nzima bila kipimo. Wanjiru akanitazama, akatikisa kichwa. "Mpigie," akasema. "Hakuna njia ingine."

Nikampigia Bi Nermin, nikamwambia kila kitu: aibu, basi, duka.

"Binti yangu," akasema, "buli lilinikera jioni ile moja. Halafu wewe umeninyima Ijumaa mbili, na leo ya tatu uko Jeddah. Nilikuwa na tatu tu zilizobaki."

Nikamwomba kipimo.

"Sikupi. Halas, imetosha, rudi."

Nilisimama dukani nikalia mbele ya mzee wa watu. Alinimiminia chai, akasubiri nimalize, akalifunga buli ndani ya gazeti. "Lichukue hivyo hivyo, bila kipimo," akasema. Namshukuru hadi leo, pamoja na Wanjiru, aliyeamka Jumamosi kabla ya alfajiri kunifikisha kituoni bila utani hata mmoja.

Njiani kurudi nilikuwa na saa nyingi za kujisema. Nimejifunza kupika chai ya watu wengi, lakini nilikuwa sijajua kwamba kuona aibu mno ni namna ya kujipenda. Nilikuwa nahangaikia uso wangu, kumbe mwenzangu anahesabu siku.

Jua likikaribia kuzama niligonga mlango wake Malaz. Fanicha zilikwisha kuondoka. Jikoni vilibaki jiko, birika na vibilauri viwili. Alinikumbatia kwanza, buli baadaye. Tukaweka maji, tukalipandisha juu. Halikukaa sawasawa. Kinywa cha birika kilikuwa kipana zaidi, likawa linalala upande, mvuke unatoka.

"Shika huko," akasema, akinipa kitambaa.

Tukasimama pale jikoni, yeye kashika upande huu, mimi upande ule, robo saa nzima, mpaka chai ikaiva.