Klementina na Fomu Yenye Nafasi ya Baba Mmoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Klementina Luhaga anamwaga mfuko wa pamba juu ya mkeka, barazani kwake Somanda, mjini Bariadi. Anachambua kwa vidole: nyeupe kulia, na fifi, yaani ile iliyochafuka, kushoto. Kabla ya kuipiga picha anainusa. Hilo la kunusa halimo kwenye mkataba wake.

"Pamba mpya inanirudisha Malampaka," anasema, kisha anacheka kama aliyefumaniwa akilamba sukari. "Nikiwa mdogo nilikuwa nalala juu yake."

Ana miaka 36. Kazi yake ni kuwatembelea wakulima wa pamba hai, ile isiyotumia mbolea wala dawa za viwandani, kukagua mavuno yao na kutuma taarifa kwa kampuni ya nguo ya Uholanzi. Waholanzi hao hawana ofisi Tanzania. Ili wamwajiri kihalali, wanapitia kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo shughuli yake ni kuwa mwajiri kwa niaba ya wengine: mkataba, kodi, likizo na bima ya afya viko mikononi mwake. Kazi anapangiwa na Uholanzi, lakini kisheria ni mfanyakazi wa Dar, na ofisi zote mbili hajawahi kuzitia mguu.

"Majirani wakiniuliza bosi wangu nani, nawaambia yuko wa kazi na yuko wa karatasi," anasema. Mshahara wake, Sh1,350,000 kwa mwezi, unaingia tarehe 28 bila kukosa, na kwa hilo hana neno.

Luhaga, mzee aliyemlea, hakuwa na mabosi wa mbali. Alikuwa karani wa ghala la pamba Malampaka, karibu na stesheni, na mkubwa wake wa kazi alikuwa jirani. Asubuhi walisalimiana "mwangaluka" wakiwa njiani, na wakikwaruzana mchana, jioni walikaa wakayamaliza.

Klementina anayakumbuka marobota yakisubiri behewa, honi ya treni ya Mwanza, na nyuzi nyeupe zilizobaki kwenye mikono ya shati la Luhaga hata Jumapili kanisani. Akianza kusimulia, vidole vinasahau kuchambua. Siku hizo anazitamani na haoni aibu kusema hivyo.

Ila Luhaga hakumzaa. Alikuwa baba yake mkubwa. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na mdogo wake, Mayige, mkulima wa Ipililo wilayani Maswa, akawapa Klementina akiwa na miaka mitatu. Nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Shuleni aliandikishwa kwa jina la Luhaga, na cheti cha kuzaliwa kilipotafutwa baadaye, nacho kikafuata jina hilohilo. Nyumbani kwao, wote wawili ni baba, na mtoto anayewatenganisha anaonekana hana adabu.

Luhaga alifariki mwaka 2022. Klementina alijaza fomu ya likizo ya msiba, na pale palipouliza aliyefariki ni nani, akaandika baba. Alipewa siku nne, pamoja na salamu za pole kutoka kwa watu asiowajua.

Mwaka huu imekuwa zamu ya Mayige kuhitaji msaada. Ana miaka 74 na macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Ng'ombe wake anawatambua kwa kuwapapasa pembe. Daktari alisema upasuaji utamrudishia kuona, mradi wasikawie. Bima ya Klementina inaruhusu wazazi, hivyo akajaza fomu nyingine: baba, Mayige.

Siku mbili baadaye alipigiwa simu na Scola, ofisa rasilimali watu wa Dar.

"Dada, huku inaonyesha tulishakupa pole ya msiba wa baba yako," alimwambia. "Huyu mwingine ametoka wapi?"

Scola alielewa upesi. Naye ana baba wakubwa watatu. Lakini bima haikutaka maelezo, ilitaka karatasi. Ilihitajika hati ya kiapo kwamba baba wa Klementina ni Mayige, si Luhaga. Akiapa hivyo, likizo ya mwaka 2022 itaonekana ya udanganyifu, na mkataba wake unaruhusu kufukuzwa kwa kutoa taarifa za uongo.

Wakili mmoja wa mjini alimwandalia hati. Klementina akaenda nayo Ipililo, akamsomea mzee kabla yeye hajaisaini.

Mayige alimwomba arudie mstari wenye jina la kaka yake. Akaurudia. 

"Ng'wanawane," alisema, akimwita mwanangu kwa Kisukuma, "kaka nilimpa mtoto. Leo nimnyang'anye, naye yuko kaburini hawezi kunijibu?"

Hati ikarudi kwenye bahasha bila sahihi. Klementina anasimulia kwamba alilia njia nzima akiwa juu ya bodaboda, na sehemu ya kilio hicho ilikuwa ya kupata nafuu, jambo lililomwumiza zaidi.

"Kupoteza kazi nilikuwa tayari," anasema. "Kumkana Luhaga ndiko kulikonishinda, ila sikutaka niwe mimi wa kusema, wakati mzee ndiye asiyeona."

Sasa ameamua kugharamia upasuaji mwenyewe, kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yake. Ameomba wiki moja ya likizo ya mwaka, na Scola ameipitisha siku hiyohiyo. Jumatatu ya pili ya Oktoba atampeleka mzee Mwanza kwa gari la alfajiri.

"Najua hospitali nao wana fomu yao," anasema. "Wataniuliza uhusiano wangu na mgonjwa. Sitajieleza tena. Nitaandika mtoto."